Sauti Aliyoichukua Germaine Bustanini

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaopenda kucheka, nisikilizeni. Mambo haya yalitokea mchana, jua likiwaka, mbele ya macho ya watu wengi. Sikuambiwa na mtu. Niliyaona.

Jumapili za mwezi wa sita, mvua zikipungua, bustani ya mji ilikuwa mahali pazuri pa kupumzika. Majani yalikatwa mafupi, upepo wa mto ulipita kati ya miti, na nje ya uzio akina mama walichoma samaki na ndizi za makemba. Watu walitoka kanisani, wakala, wakajinyoosha kidogo, kisha wakaja na familia zao. Wanaume walivaa makoti hata kama walitoka jasho. Watoto walikaa mbele kwenye mikeka. Ngoma moja ikilia, pazia jekundu lilivutwa, na watu wa mtaa wetu wa Mangobo wote wakacheka kwa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ile ya hamsini, hapa Kisangani, ambayo kwenye karatasi za serikali iliitwa Stanleyville. Mimi ni Kadidja, mshonaji. Wazazi wangu walitoka Maniema. Nyumba yangu iligusana ukuta na nyumba ya Cyprien Losamba, mwenye michezo ile, na lile pazia jekundu nililishona mimi.

Cyprien alikuwa karani wa ghala bandarini. Alizaliwa upande wa Yanonge, akasoma misioni, na Kifaransa chake kilikuwa kama cha kitabu. Aliomba ruhusa ya kutumia bustani kila Jumapili wakati wa likizo kubwa, kwa sharti kwamba watu waondoke kabla ya giza. Jukwaa alilijenga mwenyewe: mbao juu ya mapipa. Uzio ulikuwa wa matawi ya michikichi. Jumapili asubuhi alisimama hapo bustanini akiangalia mawingu ng'ambo ya mto, kama mkulima anayeogopa mvua. Ilikuwa kazi ngumu, na aliipenda. Siwezi kumnyima sifa hiyo.

Waigizaji wake walikuwa mafundi na vibarua. Aliyependwa zaidi alikuwa Henri, fundi wa matofali mwenye tumbo kubwa, aliyeweza kuchekesha watu kwa kukaa tu. Wanawake hawakupanda jukwaani, waume zao walikataa. Kwa hiyo Henri na wenzake walivaa magauni niliyowashonea na kuongea kwa sauti nyembamba, na hilo lenyewe lilikuwa nusu ya kicheko.

Amani hiyo ilianza kuharibika siku Cyprien alipomsikia binti yake.

Germaine alikuwa mtoto wao wa pekee, mwenye miaka kumi na miwili, mwembamba, mtulivu kupita watoto wengine. Siku moja mama yake, Hélène, alikuwa uani akichambua sombe, majani ya mihogo, akasikia muuza unga wa mihogo anamwita barabarani. Akatoka na bakuli. Barabarani hakuna mtu. Aliporudi alimkuta Germaine nyuma ya mlango, anacheka. Alikuwa amemwiga muuza unga yule, pumzi zake, mluzi wa jino lake lililovunjika, kila kitu.

Hélène alicheka. Cyprien hakucheka. Alimtazama mtoto kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kuangalia kama mwenyewe yuko karibu.

"Rudia," alimwambia.

Jumapili iliyofuata Germaine alipanda jukwaani. Alikuwa wa kwanza katika wanawake wa Mangobo kufanya hivyo, na hakuna aliyekataa kwa sababu alikuwa mtoto. Akamwiga muuza unga. Muuza unga mwenyewe alikuwepo. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge chake. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya mke wa katekista, halafu mlevi mmoja wa mtaa wa nyuma, halafu bibi harusi aliyekimbia siku ya harusi. Uzio wa bustani ulisukumwa mpaka ukalala. Na watu wakaanza kuuliza swali ambalo sikulipenda tangu mwanzo. Walimsimamisha Cyprien sokoni, wakatabasamu, wakasema:

"Papa Germaine, Jumapili inayokuja ni nani?"

Hakuna aliyeuliza, "Ni mimi?" Kila mmoja alitumaini kwamba ni jirani.

Sasa niwaeleze kuhusu Philomène. Alikuwa mjane wa familia ya wavuvi kutoka Isangi, anaishi mwisho wa barabara yetu. Mwanawe wa pekee, Alexis, alichukuliwa na maji akiwa na miaka tisa. Walimtafuta mpaka mitaa ya chini kabisa ya mto, hawakumpata. Tangu hapo, kila alasiri, Philomène alishuka ukingoni karibu na bustani, akasimama, akaita:

"Alexis! Chakula inapoa!"

Aliita mara tatu, akangoja kidogo, akarudi nyumbani. Sauti yake ilipanda kwenye jina, kisha ikavunjika katikati ya neno la mwisho. Tuliizoea. Wanaume waliokuwa wakicheza karata walinyamaza mpaka amalize. Wageni walipouliza, tuliwaambia, "Mwacheni, anaongea na mwanawe." Hakuna aliyemcheka, ndugu zangu, mpaka siku Cyprien alipotufundisha.

Alinijia kuomba nimshonee Germaine blauzi kama ya Philomène, ile ya kijani yenye kola nyeupe.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Iko ya mchezo, Mama Kadidja. Mwanamke anaita chakula, mume anakuja, paka anakuja, polisi anakuja, kila mutu anakuja kula, ila yule anayeitwa. Utaona! Watu watakufa na kicheko."

"Papa Germaine, huyo mama amefiwa."

"Bon, sikia. Sitataja jina lake. Théâtre iko kioo. Kama mutu anajiona ndani, ni kosa la kioo?"

Nilikataa kushona. Alikwenda akanunua blauzi nyingine sokoni.

Jumapili ile Germaine alitoka nyuma ya pazia, akasimama pembeni mwa jukwaa akitazama upande wa mto. Aliita. Alibadilisha jina tu, akasema "Alex." Kila mtu alielewa. Kwanza palikuwa na ukimya mfupi sana, kama pumzi. Kisha Henri, kama alivyofundishwa, akaingia mbio na sahani kubwa huku akifunga leso shingoni, na bustani nzima ikapasuka kwa kicheko. Watu walipiga magoti yao. Walipigana mabega.

Philomène alikuwa kwenye benchi la nyuma. Hakulia wala kutukana. Aliinuka, akawaomba radhi wale aliowapita, akatoka.

Kesho yake hakushuka mtoni. Wala keshokutwa. Wale wacheza karata walinyamaza saa ile ile kwa mazoea, wakangoja, hakuna kilichokuja. Henri alikwenda kwa Cyprien, akavua kofia, akasema, "Mimi nimemaliza. Kile kicheko kilinikaa hapa," akajigusa kooni. Hakupanda tena jukwaani.

Siku chache baadaye, wakati ule ule wa alasiri, nilikuwa kwenye mashine yangu ya kushona. Kupitia ukutani nikasikia:

"Alexis! Chakula inapoa!"

Nikaacha kukanyaga mashine. Nilidhani Philomène amekuja kugombana, na nilifurahi kidogo. Nikatoka. Hélène naye alikuwa amesimama uani, mikono imejaa unga, anatazama mlango wa chumba cha ndani.

"Uko na mgeni?" nilimuuliza.

"Hapana," alijibu polepole. "Mimi pia nafikiri ni Mama Alexis. Lakini sijaona mutu kuingia."

Tuliingia pamoja. Germaine alikuwa ameketi kitandani, ametugeuzia mgongo, uso wake karibu sana na ukuta. Hakuna mtu mwingine.

"Germaine, uko na nani humu?"

Mtoto aligeuka. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyeamshwa usingizini. Akajibu, na sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, imechoka, inavunjika mwishoni:

"Hakuna mutu, mama."

Hélène alinishika mkono. Unga wake ulibaki kwenye nguo yangu.

Cyprien aliporudi kazini, mkewe alimweleza. Alicheka, akamwita mtoto, akamsimamisha katikati ya sebule. Nilikuwepo, nimekaa na Hélène kwa sababu aliniomba nisiondoke.

"Michezo imeisha kwa leo, ma fille," alimwambia. "Sema jina lako, na sauti yako."

Germaine alifungua mdomo. "Germaine," akasema, na alikuwa muuza unga, pamoja na mluzi wa jino. Akatikisa kichwa. "Germaine": mke wa katekista. "Germaine": yule mlevi. Alijaribu tena na tena, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko uliojaa vitu. Macho yake yalianza kujaa machozi. Mwisho akasema kwa sauti ya Philomène, taratibu, "Naitafuta, papa. Siioni."

Cyprien akapiga makofi.

"Formidable!" alisema. "Sauti nne kwa dakika moja! Mumesikia?"

Hélène alimtazama. "Papa Germaine," alisema, "mutoto wangu iko wapi?"

"Si huyu hapa mbele yako?"

"Nakuuliza mutoto wangu iko wapi."

Cyprien alikuwa ameshachukua kalamu.

Wazazi wenzangu, mnaweza kusema Cyprien hakumpenda binti yake. Alimpenda. Alimnunulia viatu kabla ya kununua vyake. Lakini alikuwa ameonja makofi, na makofi ni kama lotoko, ile pombe kali ya kienyeji: glasi ya kwanza unainywa wewe, ya mwisho inakunywa. Alisikia kwamba bwana mmoja wa mambo ya sanaa atapita mjini mwisho wa mwezi wa nane, na kwamba akipenda kundi la waigizaji, anaweza kulipeleka Léopoldville kwa meli. Tangu siku hiyo alitupita bila kutuona.

Na sauti ile iliendelea. Kila alasiri Germaine aliita. Asubuhi alikuwa hivi na hivi, mara muuza unga, mara huyu, mara yule. Lakini jua likiinama kuelekea mtoni, alikuwa Philomène tu. Hakucheza tena na wenzake. Watoto wa barabara walimkimbia, kwa sababu aliwaita kwa sauti za mama zao.

Ndipo siku moja Philomène mwenyewe alikuja. Alibisha hodi kwa adabu, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa Hélène. Alikuwa amekonda.

"Mama Germaine, usiogope," alisema. "Sikuja kwa kelele. Watu wanasema mimi naita kila siku, na mimi niko nyumbani nimelala. Nataka kusikia."

Hélène alilia tu. Tukakaa hivyo watatu. Saa ilipofika, sauti ikatoka ndani, dirishani:

"Alexis! Chakula inapoa!"

Philomène alifumba macho. Nilimwona anatingisha kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza redio. Mara ya pili. Mara ya tatu. Tulidhani imekwisha. Kisha sauti ikaendelea, chini chini, kwa upole, kama mama anayembembeleza mwanawe kwa kumwita papa, maneno ambayo hayakuwa kwenye mchezo wowote:

"Kifungo nimeshona, papa wangu. Njoo uvae shati. Usiende tena kifua wazi."

Philomène aliinuka, kigoda kikaanguka.

"Nani alimwambia kuhusu kifungo?"

Hélène alitikisa kichwa.

"Siku ile shati yake ilikatika kifungo," alisema. "Nilimwambia angoje nishone. Akakataa, akakimbia mtoni kifua wazi. Nilikasirika. Nilishona kile kifungo, na nilikuwa nimeshika sindano waliponiletea habari. Sikumwambia mutu. Hata padri."

Sijui Germaine aliyapata wapi maneno yale. Labda watoto husikia yale tunayoyasema usingizini, kupitia kuta zetu nyembamba. Labda. Mimi nawapa kama nilivyoyapokea.

Philomène alimshika Hélène mabega yote mawili. "Sikia, Mama Germaine. Mume wako alinitia aibu, hiyo ni yangu na yake. Lakini ondoa mutoto kwenye ile théâtre. Nimeita mto miaka miwili. Mimi niko mutu mukubwa, najua kuita na kurudi nyumbani. Yeye atajua kurudi?"

Jioni ile Hélène alimsimulia mumewe yote, akidhani hofu itamrudisha. Alipomaliza, Cyprien alisema, "Kifungo. Alors, hiyo iko mwisho wa mchezo." Na akaiandika.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane ilikuwa na jua kali, bila wingu hata moja. Viti vya kamba vilipangwa mbele kwa wageni, na yule bwana wa sanaa alikuja na kofia yake nyeupe. Hélène alikuwa amemleta Germaine kwangu tangu asubuhi, tumemficha chumbani nyuma ya vitambaa. Cyprien alikuja akiwa amevaa koti jipya. Hakupiga kelele. Alimwambia mkewe, "Mara ya mwisho, Hélène. Nakuapia. Baada ya leo, tutapumzika wote." Akamshika mtoto mkono. Germaine alimfuata bila kusema lolote, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kama angelia. Tukawafuata.

Nilisimama pembeni mwa jukwaa, Hélène kando yangu. Bustani ilijaa mpaka kwenye miti. Nje ya uzio, kati ya wachoma samaki, niliona kitambaa cha kichwa cha Philomène. Hakutaka kuingia, lakini alikuja.

Pazia likafunguliwa. Germaine alitoka na blauzi ya kijani. Alisimama akitazama mto, unaong'aa kati ya miti.

"Alexis! Chakula inapoa!"

Safari hii hata jina halikubadilishwa. Watu walicheka, wengine kabla hajamaliza, kwa sababu walijua kicheko kinapokaa.

"Alexis! Chakula inapoa!"

Mara ya pili walicheka wachache. Kulikuwa na kitu katika sauti ile ambacho kiliingia chini ya nguo, kama baridi. Bwana mwenye kofia nyeupe aliacha kujipepea. Mtoto mmoja kwenye mkeka alirudi nyuma na kujibana kwa mama yake.

"Alexis! Chakula inapoa!"

Na kutoka upande wa mto, nyuma ya uzio wa matawi, sauti ya mtoto wa kiume ikajibu, nyembamba, yenye furaha kidogo, kama ya mtoto aliyechelewa na anajua atasamehewa:

"Nakuja, mama."

Wote tulisikia. Wapo waliosema baadaye ni Germaine mwenyewe, aliyejifunza kurusha sauti. Wapo waliosema ni mtoto wa mvuvi. Wanaume walikwenda kutazama jioni ile. Mvuvi mzee aliyefunga mtumbwi pale tangu mchana alisema hakuona mtoto yeyote. Lakini saa ile hakuna aliyefikiri. Hata wachoma samaki waliacha kugeuza samaki wao.

Germaine alitabasamu. Hakuwa ametabasamu kwa wiki nyingi. Akasema, "Hapana, papa wangu. Baki hapo. Mimi nakuja."

Akashuka jukwaani. Alipita katikati ya mabenchi, na watu walivuta miguu yao kumpisha. Akayasukuma matawi ya uzio kwa mikono miwili, akatoka, akaelekea mtoni.

Na mnajua watu walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani ni mchezo. Yule bwana wa sanaa alipiga makofi. Cyprien, upande wa pili wa jukwaa, alipiga kuliko wote, anang'aa uso, akidhani binti yake amemzawadia mwisho mzuri kuliko alioandika yeye.

Ni Hélène aliyepiga ukelele. Alikimbia, nami nyuma yake, tukikwama kati ya magoti ya watu waliokuwa bado wanashangilia. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa yamemfika Germaine kifuani, na bado alikuwa anatembea, mkono mmoja umenyooka mbele kama mtu anayempokea mtu. Mkondo wa pale hauna huruma. Uliivuta blauzi, ukaivuta na miguu yake.

Lakini Philomène alikuwa ameshaingia. Alitokea nje ya uzio, hakuhitaji kupita kwenye mabenchi. Mwanamke aliyekonda vile, sijui nguvu alizipata wapi. Aliishika misuko ya mtoto, akazungusha mkono wake kiunoni, akasimama imara kama nguzo ya mtego wa samaki, maji yakimpiga mabegani. Tulimsikia anaongea naye sikioni:

"Jina hili ni langu. Mutoto ni wangu. Umenibebea mzigo, sasa nirudishie. Rudi kwa mama yako."

Kisha akageuza uso kwenye mto mpana, mtupu, akaita kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mwezi wa saba:

"Alexis! Pumzika, papa wangu! Usije tena!"

Mara moja tu. Germaine akalegea mikononi mwake kama nguo iliyolowa. Tukawatoa wote wawili.

Cyprien alifika wakati tumemlaza mtoto kwenye mchanga. Makofi yalikuwa yamekwisha. Nyuma yake watu walisimama kimya, mstari mrefu, na hakuna aliyetaka kuwa mbele. Alipiga magoti akataka kumshika binti yake. Hélène aliusukuma mkono wake, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Germaine hakufa. Lakini hakusema neno. Siku zikapita, hakuna sauti ya mtu yeyote iliyotoka kinywani mwake, ya jirani wala yake. Hélène alifunga mizigo. Walivuka mto kwenda upande wa pili penye stesheni, mtoto akiwa amefunikwa kitenge usoni asiyaone maji, wakapanda treni ya Ubundu kwa kaka yake Hélène. Cyprien aliwasindikiza mpaka kwenye behewa. Hélène alimpa mkono kama anavyopewa mgeni.

Yule bwana wa sanaa alituma salamu kwamba mchezo ulimfurahisha. Cyprien hakujibu. Alikwenda nyumbani kwa Philomène, akasimama uani, akavua kofia. Nilikuwa ndani nikimpima nguo, nikasikia kila neno.

"Mama Alexis, nakuomba msamaha. Nilichukua kilio chako nikakifanya mchezo."

Philomène alimtazama kutoka mlangoni. "Nakusamehe, Papa Germaine. Sasa niambie. Siku ile bustani ilijaa. Walicheka watu wengi. Unakuja peke yako?"

Kesho yake Cyprien alipita nyumba kwa nyumba, karani yule mwenye Kifaransa cha kitabu, akabisha kila mlango wa Mangobo na kuwaomba watu waje kwa Philomène. Wengine walikuja, wakakaa naye, wakalia matanga ambayo hayakuwahi kufanywa kwa sababu mwili haukupatikana. Muuza unga alikuja. Henri alikuja. Wengi hawakuja. Walisema wao walicheka tu, hawakuandika mchezo.

Jukwaa alilivunja mwenyewe. Msimu wa kiangazi uliofuata bustani ilikuwa ya watoto na mbuzi.

Baada ya muda mrefu Cyprien alikwenda Ubundu. Aliponisimulia safari ile alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai ikapoa. Alipokelewa na shemeji yake, akapewa kiti barazani. Nyuma ya nyumba alisikia msichana anaimba akitwanga, sauti ndogo, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, si nzuri sana. Akamuuliza Hélène kwa adabu, "Huyo mutoto anayeimba ni wa nani?"

Hélène alimtazama usoni.

"Ni Germaine," alisema. "Ndiyo sauti yake, Papa Germaine. Ndiyo sauti aliyozaliwa nayo."

Cyprien alirudi Kisangani peke yake.

FUNZO LA HABARI HII

Ndugu zangu, kicheko si dhambi. Mungu alitupa meno tuyaonyeshe. Lakini kabla hujacheka, tazama nani analipa. Kilio cha jirani si pazia la kufungua kila Jumapili. Mwenye kufiwa ana haki ya kuita mto wake akiwa na amani, na sisi wengine kazi yetu ni kunyamaza mpaka amalize.

Wewe mzazi uliyepewa mtoto mwenye kipaji, usikitumie kama jembe la kulimia shamba la sifa zako. Mtoto hawezi kukukatalia. Atakupa sauti yake, atakupa usingizi wake, atakupa mpaka miguu yake iingie majini, na atadhani ndivyo anavyopendwa. Msikilize akiwa anatwanga, akiwa anaimba vibaya, akiwa hana kitu cha kukuonyesha. Baba asiyeijua sauti ya mwanawe, hata akishangiliwa na mji mzima, ni mgeni katika nyumba yake.

Na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tusijifiche nyuma ya aliyeandika mchezo. Siku mtu atakapokuuliza sokoni, akitabasamu, "Jumapili inayokuja ni nani?", usimpe jina. Mchezo hauishi mpaka mtu mmoja akatae kucheka.